Sentimita 94 za Maji: Kisa cha Duka la Vitenge na Bima Iliyofuata Mkopo

Sitaji jina la mama huyu, mtaa wake, mwaka wa tukio, wala kampuni ya bima na benki zilizohusika. Viwango vya fedha nimevibadilisha ili asitambulike, ila uwiano wake ni ule ule. Nitamwita Mama Z. Mimi nafanya kazi kwa dalali wa bima jijini Dar es Salaam, upande wa madai: mteja akipata hasara, mimi ndiye ninayekusanya nyaraka na kubishana na kampuni. Mama Z hakuwa mteja wetu. Alinipata kupitia fundi wake mmoja anayepanga nyumba moja na shangazi yangu.

Nimeandika kwa ajili ya wenye maduka na wapangaji wa fremu, na hasa kwa wale waliokopa benki, wakaambiwa "mkopo wako una bima", wakaridhika.

Mahali penyewe

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unalikatiza jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito kadhaa ambavyo kiangazi unaweza kuviruka kwa hatua mbili, na masika vinabeba friji za watu. Huko juu ardhi imefunikwa bati na zege, kwa hiyo mvua hainywei tena ardhini. Inateremka yote kwa pamoja ikiwa na mchanga unaojaza mkondo. Huku chini mitaro imezibwa na taka. Desemba 2011 mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954 iliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi kiasi kwamba watu wa Magomeni na Kigogo hawaulizi tena kama itafungwa, wanauliza itafunguliwa lini.

Fremu za Mama Z zipo mita 140 kutoka ukingo wa kijito kimoja kinachoingia Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo hakuwa mvamizi wa bonde. Nalisema hili mapema kwa sababu mtathmini, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kukagua hasara, alipofika ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Alikuwa na fremu mbili zilizoungana. Ya kwanza duka la vitenge, jumla na rejareja, mzigo ukitoka Kariakoo. Ya pili karakana ya kushona: cherehani nne za umeme za kiwandani, ovaloki mbili, meza kubwa ya kukatia na mafundi watano. Miaka miwili alikuwa pale. Mkopo wake wa benki ulikuwa umebaki Sh milioni 11.3.

Bima aliyokuwa nayo bila kuijua

Nilipomuuliza kama ana bima, alisema hana. Kisha akakumbuka kwamba kila mwaka benki inakata "hela ya bima" kwenye akaunti yake, lakini alidhani ni ya akifa, mkopo usimfuate mumewe. Tulikwenda benki kuomba hati. Kumbe zilikuwa bima mbili: ile ya maisha ya mkopaji, na nyingine ya moto na majanga mengine kwa ajili ya mali ya biashara.

Hati yenyewe ilikuwa na kurasa 11, zote kwa Kiingereza. Mama Z alimaliza darasa la saba na anaendesha biashara ya mamilioni kwa hesabu za kichwani zisizokosea. Hati ile hakuwa amewahi kuiona, na hata angeiona isingemsaidia. Linaniuma hili kuliko jambo jingine lolote katika kisa chote: mkataba unaomfunga mtu umeandikwa kwa lugha asiyoisoma, katika nchi ambayo Kiswahili ndicho kinachosemwa kuanzia sokoni hadi bungeni.

Mambo manne ndani ya hati ile ndiyo yaliyoamua kila kitu baadaye.

Kwanza, mafuriko yalikuwemo. Bima ya moto ya kawaida hulipa moto na radi; mafuriko, dhoruba na tetemeko huongezwa kwa makubaliano. Hapa yaliongezwa kwa sababu benki inataka hivyo kwa mikopo yake yote. Hata hivyo, maji yanayorudi kutoka kwenye mitaro na mabomba ya majitaka yalitolewa nje.

Pili, thamani iliyokatiwa bima. Bidhaa: Sh milioni 20. Mashine: Sh milioni 8. Ile milioni 20 ilikuwa kiasi cha mkopo alipouchukua. Afisa mikopo alipojaza fomu hakuingia dukani kuhesabu majora; aliandika namba ambayo benki iliihitaji.

Tatu, sharti kwamba bidhaa zikae angalau sentimita 15 juu ya sakafu.

Nne, mlipwaji wa kwanza ni benki. Fidia yoyote inapita kwao kabla ya kumfikia yeye.

Usiku wa maji

Mvua ilianza Alhamisi jioni na haikupumzika. Saa 10 alfajiri mlinzi akampigia simu: "Mama, njoo, maji yamevuka barabara." Anakaa juu kidogo, mwendo wa robo saa. Alipofika maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima swichi kubwa ya umeme. Hakuna aliyemfundisha; aliwahi kusikia habari za fundi mmoja aliyekufa kwa kukanyaga waya ndani ya maji, na hakuisahau. Kisha yeye, mlinzi na vijana wawili wa jirani wakabeba ovaloki mbili na kuzipandisha juu ya meza ya kukatia. Cherehani nne hawakuweza kuziinua. Cherehani ya kiwandani kichwa chake kipo juu, lakini mota inaning'inia chini ya meza, imefungwa kwa bolti, na pale hapakuwa na spana wala mwanga. Waliziacha.

Wakaanza kuhamisha majora ya shelfu za chini kwenda za juu. Saa 11 na nusu maji yalifika magotini na mlango ukaanza kugoma kufunguka. Mama Z akawaambia vijana watoke. Sakafuni yalibaki mabelo tisa yaliyoletwa Jumatano, hayajafunguliwa.

Mtaani, kirikuu cha mdogo wake, gari dogo lililokuwa likibeba mizigo, kilizama hadi usukani. Maji yalipopungua alikaa kitini akawasha. Injini ilivuta maji, ikagonga mara moja na kunyamaza. Fundi alipoifungua alikuta fimbo za pistoni zimepinda. Alikuwa na bima ndogo, ile ya kulipa watu wengine, kwa hiyo hakupata kitu. Hata angekuwa na bima kubwa, kampuni nyingi zingemuuliza kwa nini aliwasha gari lililokunywa maji. Gari likizama usiliwashe. Toa kichwa cha betri, livutwe hadi kwa fundi.

Siku tatu za mwanzo

Ijumaa jioni maji yalishuka. Jumamosi vijana walisafisha. Kwa nia njema kabisa walipakia vitambaa vilivyojaa tope kwenye mikokoteni miwili na kuvipeleka dampo, kwa sababu vilishaanza kunuka na watoto walikuwa wanavichezea. Hakuna aliyehesabu. Hakuna aliyepiga picha.

Mimi nilifika Jumapili mchana. Mama Z alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mapajani ana daftari la mauzo. Lilikuwa limevimba unene mara mbili, na alikuwa akitenganisha ukurasa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano ya mkono, anauweka kati ya vitambaa viwili vikavu na kuupitishia pasi ya mkaa. Wino wa bluu ulikuwa umetawanyika lakini namba zilisomeka.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Hizi ni za Januari. Nikifika Machi nitakuwa nimejua nimepoteza nini."

Nikamwomba jambo moja kabla ya maelezo yoyote: kitu chochote kisitoke tena mle ndani, hata kama kinanuka. Kilicholoa kifuliwe au kianikwe, lakini kisiondoke hadi kihesabiwe.

Kisha nikapima ukuta. Maji yakishatulia huacha mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa rula. Dukani ulikuwa sentimita 94 kutoka sakafuni, karakanani 88 kwa sababu sakafu yake iko juu kidogo. Nilibandika utepe wa kupimia ukutani na kupiga picha namba zikionekana.

Maamuzi, na kwa nini

*Kutoa taarifa siku hiyo hiyo, bila kusubiri benki.* Mama Z alitaka kusubiri Jumatatu azungumze na afisa mikopo wake, maana bima aliipata kupitia kwake. Nilimkatalia. Mkataba ulitaka taarifa itolewe mara moja, na afisa mikopo akichelewa, kuchelewa huko angeandikiwa Mama Z. Tulituma barua pepe kwa kampuni Jumapili jioni, tukaipa benki nakala. Nusu ukurasa tu: nani, wapi, nini, lini, na ombi la mtathmini.

*Kujenga upya hesabu ya mzigo kutoka nje ya duka.* Kampuni huuliza: unajuaje ulikuwa na mzigo huo? Daftari lenye tope halitoshi. Tulitumia njia tatu. Risiti za EFD, mashine za kielektroniki za risiti, za wauzaji wa Kariakoo, kwa sababu mashine hizo hupeleka kumbukumbu TRA, mamlaka ya mapato, na muuzaji anaweza kutoa nakala hata kama yako imeloa. Miamala ya simu, tukaomba taarifa ya miezi sita kwa mtandao wake. Na picha za WhatsApp. Kila mzigo mpya ulipoingia Mama Z alikuwa akipiga picha shelfu nzima na kuwatumia wateja wa mikoani. Zikawa ushahidi wa tarehe kwa tarehe. Picha ya Jumatano ilionyesha yale mabelo tisa, na mkono wa kijana ukiwa juu ya belo la mwisho.

*Kusema ukweli kuhusu maji ya zamani.* Uamuzi huu ulitugharimu usingizi. Vuli iliyotangulia maji yaliwahi kuingia dukani, kiasi cha kulowesha miguu, yakatoka bila kuharibu kitu. Baada ya hapo bima ilihuishwa, na kampuni haikuambiwa. Bima husimama juu ya nia njema: anayekata bima anapaswa kusema mambo anayoyajua ambayo yangebadilisha uamuzi wa kampuni, na wajibu huo unarudi kila unapohuisha. Mumewe alisema tunyamaze. Mimi nilisema tuseme, kwa sababu mbili. Mtathmini angewauliza majirani, na mtaa mzima ulikuwa unajua. Na uongo mmoja ukigundulika katika madai unaweza kuyaua madai yote, hata sehemu ambazo ni kweli tupu. Tukasema, tukaeleza pia jinsi ilivyokuwa: bima ilihuishwa na benki kwa kukata akaunti, Mama Z hakuulizwa swali wala kuletewa fomu.

*Kufua vitenge.* Majora 210 hivi yalikuwa yameloa kwa maji yaliyochanganyika na majitaka. Kuyaacha yaoze kungekuwa kosa, kwa sababu mwenye bima anatakiwa kupunguza hasara anapoweza. Lakini kuyafua na kuyauza bila ridhaa ya kampuni kungekuwa kosa jingine. Tulimwandikia mtathmini, akajibu siku ya tano kwamba yafuliwe, yatenganishwe, bei ya mabaki itakadiriwa. Mafundi waliyafua mara mbili, mara ya pili kwa dawa ya kuua vijidudu. Yaliyochuja rangi yalikuwa zaidi ya nusu.

Barua ya kukataa

Ilikuja wiki ya sita, na ilitoa sababu mbili. Maji yalitoka kwenye mtaro ulioziba mbele ya duka, si mto, na maji ya mtaro hayamo kwenye bima. Pia bidhaa zilikuwa sakafuni, kinyume na sharti la sentimita 15.

Mama Z alipoisikia nikimsomea kwa Kiswahili alikunja khanga yake, akasema basi. Watu wengi huishia hapo. Kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, neno "tunasikitika" linasomeka kama hukumu. Kwangu barua ya namna ile ni hoja, na hoja hujibiwa.

Kuhusu mtaro tulirudi kwenye ardhi. Nilitembea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kutoka ukingo wa kijito hadi dukani, tukapima mistari ya tope katika nyumba za njiani. Ya kwanza karibu na mto ilikuwa na mstari wa sentimita 152, ya kati 120, duka 94. Ukichukua mwinuko wa ardhi, mistari yote mitatu ilikuwa usawa mmoja. Lilikuwa bwawa moja la maji lililoungana na mto, na mtaro uliobubujika peke yake haufanyi hivyo. Ndani ya duka, chini ya tope jeusi, kulikuwa na tabaka la mchanga mweupe wa mtoni wenye unene wa kidole. Jirani alikuwa na video ya simu ya saa 10 na dakika 10 inayoonyesha maji yakivuka barabara kutoka upande wa kijito. Ni kweli mtaro ulifurika. Ulifurika kwa sababu unamwaga kwenye kijito, na kijito kikijaa mtaro unakosa pa kwenda, maji yanageuka. Chanzo hasa ni kile kilichosukuma mengine yote, nacho kilikuwa mto. Tuliambatanisha barua ya mwenyekiti, na takwimu za mvua za siku hizo kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kuhusu sakafu tulikiri. Mabelo tisa yalikuwa sakafuni. Lakini maji yalifika sentimita 94. Belo lililo juu ya paleti ya sentimita 15 lingezama vile vile. Hapa niseme wazi kwamba hatukuwa na uhakika wa kushinda. Sharti la namna hii likiandikwa kwa ukali, kampuni inaweza kulishikilia hata kama kuvunjwa kwake hakukusababisha hasara. Tulichosaidiwa nacho ni kwamba hasara ya mashine, na ya majora ya kwenye shelfu, haikuhusiana kabisa na sharti hilo.

Mwisho wa barua tuliandika sentensi moja kwamba tukishindwa kuelewana tutapeleka suala kwa msuluhishi wa migogoro ya bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009. Hatukutisha wala kutukana. Wiki tatu baadaye kampuni ilikubali kulipa.

Malipo

Kukubali kulipa ni jambo moja, kiasi ni jingine. Hesabu ya kwanza ya mtathmini kwa upande wa bidhaa ilikuwa hivi. Hasara iliyothibitishwa, baada ya kutoa bei ya mabaki: Sh milioni 14.4. Thamani ya mzigo wote siku ya tukio: Sh milioni 48. Bima: Sh milioni 20. Kwa kuwa bima haikufika thamani ya mali, kampuni inalipa kwa uwiano, 20 kwa 48. Hii ndiyo kwenye mikataba huitwa kanuni ya wastani, na ndiyo inayowaacha wafanyabiashara wengi midomo wazi. Milioni 14.4 ikawa milioni 6.

Nilikaa na karatasi ile usiku mzima, kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Hasara ilipigwa kwa bei ya kununulia Kariakoo, na hilo ni sahihi, kwa sababu bima humrejesha mtu alipokuwa na haimpi faida ambayo hajaipata. Lakini ile milioni 48 ilipigwa kwa bei ya kuuzia. Juu kipimo kimoja, chini kipimo kingine. Kwa bei ya kununulia mzigo wote ulikuwa milioni 36. Uwiano sahihi ni 20 kwa 36, na 14.4 inakuwa milioni 8. Mtathmini, ambaye alikuwa mtu mwungwana, aliangalia, akakubali, akasahihisha siku hiyo hiyo.

Toa ekses ya asilimia 10, yaani sehemu ambayo mwenye bima anaibeba mwenyewe: milioni 7.2. Mashine zilikuwa na bima kamili, mota nne na vibao vyake viligharimu milioni 2.5, toa ekses, milioni 2.25. Jumla Sh milioni 9.45.

Fedha zikaenda benki kwanza. Benki ilitaka kuzichukua zote na kumwachia deni la milioni 1.85 na fremu mbili tupu. Tulikwenda mara tatu. Hoja yetu ilikuwa ya kibiashara: duka likifufuka, rejesho litatoka; likifa, hata hiyo 1.85 mtaisubiri mahakamani. Meneja wa tawi alikubali wachukue milioni 4, zikiwemo marejesho mawili yaliyochelewa, na milioni 5.45 zirudi kununua mzigo. Tangu maji yaingie hadi fedha kufika, miezi mitano na siku chache.

Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Nianze na hesabu ninayoirudia kwa kila mteja tangu siku hiyo. Ada yake ya mwaka ilikuwa asilimia 0.3 ya thamani: kwa milioni 28 ni Sh 84,000, na VAT ya asilimia 18 inakuwa Sh 99,120. Kama bidhaa zingekatiwa milioni 36 kamili, jumla milioni 44, angelipa Sh 155,760. Tofauti Sh 56,640 kwa mwaka, bei ya kitenge kizuri na nauli ya kukifuata. Kwa bima kamili angepata milioni 12.96 upande wa bidhaa badala ya 7.2. Ile elfu hamsini na sita ilimkosesha Sh 5,760,000. Na si yeye aliyeamua kuiokoa. Iliamuliwa na mtu aliyenakili kiasi cha mkopo kwenye kisanduku cha thamani ya mali. Simshutumu afisa yule kwa ubaya. Kwake bima ilikuwa ya kulinda mkopo, na mkopo ulilindwa. Lakini anayelipa ada ni mkopaji, naye anastahili kuulizwa swali moja kwa Kiswahili: mzigo wako wote, kwa bei ya kununulia, siku ukiwa umejaa kabisa, ni kiasi gani?

Kilichotuokoa zaidi ni kumbukumbu zilizokaa nje ya fremu. Kama EFD, simu na WhatsApp visingekuwepo, tungebaki na daftari lililopigwa pasi, na huruma ya mtathmini. Mistari ya tope nayo ilikuwa na maisha mafupi: wiki ya pili mwenye nyumba alipaka chokaa kuta zote. Tungechelewa siku kumi, hoja ya mto dhidi ya mtaro ingekufa.

Kilichoshindikana kabisa ni mikokoteni miwili. Mama Z anakadiria kilichokwenda dampo kilikuwa cha milioni 3 hivi. Hatukuweza kuthibitisha hata jora moja, na haimo katika ile 14.4. Picha kumi za simu zingetosha.

Nilikosea na mimi. Wiki zote sita za kusubiri jibu sikufuatilia ipasavyo. Nilituma ujumbe mmoja nikatulia, nikijua kampuni zimelemewa na madai ya mafuriko yale. Kumbe faili letu lilikaa wiki mbili likisubiri nakala ya leseni ya biashara ambayo hakuna aliyetuomba. Ningepiga simu kila Ijumaa, ningeligundua.

Kuna pia hasara ambayo bima ile haikuigusa: wiki saba za kufunga, kodi ya fremu ikiendelea, mafundi watano, wawili kati yao wakiondoka na wateja wao. Ipo bima ya kukatizwa kwa biashara, na kwa duka la ukubwa ule ada yake haitishi. Hakuna aliyemtajia.

Na uamuzi wa kusema ukweli? Mtathmini aliandika kwenye ripoti kwamba mwenye bima alieleza mwenyewe tukio la vuli, na kampuni haikulitumia dhidi yake. Siwezi kuahidi kwamba ingekuwa hivyo kwa kila kampuni.

Mwaka uliofuata tulihuisha bima pamoja, mimi nikiwa nimeleta fomu kwa Kiswahili niliyoitafsiri kwa mkono. Alihesabu mzigo siku mbili, akaandika milioni 31 kwa mwandiko wake. Kampuni ilikubali, lakini kwa mafuriko ikapandisha ekses kutoka asilimia 10 hadi 20, na kutaka shelfu ya chini kabisa ianzie mita moja. Fundi seremala ameshaiweka. Mota za cherehani bado zinaning'inia chini ya meza. Mwenye nyumba amekataa kuinua kizingiti, na Mama Z anatafuta fremu upande wa juu, ambako kodi ni karibu mara mbili.